Vibano vya Jumatano

Jumanne, 11 Machi

Masika yameingia leo saa nane mchana bila hata kubisha hodi. Gundi yangu ilijua kabla yangu. Hewa ikilowa, gundi ya kope hukauka upesi mno, na mteja wa mwisho nimemmaliza nikikimbizana nayo huku nikimsihi asicheke.

Jioni nimeosha vibano kama kawaida. Nina jozi nne, na kila jozi ni ya mteja mmoja kwa siku: kimoja kilichonyooka cha kutenganisha kope za mtu mwenyewe, kimoja kilichopinda cha kushika ile ya kubandika. Nafuta gundi kwa asetoni, nasugua kwa mswaki laini na sabuni, naloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu, nakausha kwa kitambaa cha miwani, navalisha kila ncha kofia yake ya mpira, kisha nafungia kwenye mkebe wenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Mkebe unaingia kwenye droo, droo inapigwa kufuli. Asubuhi sioshi tena. Asubuhi nafungua mkebe na kuanza kazi, kwa sababu nilichokiosha mimi nakiamini.

"Yawa, Seline," Debra amenicheka, "hiyo vibano unaogesha kuliko mtoto."

Debra hufanya kucha kwenye meza ya pili. Tunakaa nyumba moja Kaloleni, tunapika sufuria moja, na mwaka jana biashara ya kucha ilipolala nilimfundisha kubandika kope bila kumdai chochote. Mkono wake si mbaya. Tatizo lake ni haraka.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya wateja wa matanga. Mgeni akija Kisumu atashangaa kuona mwanamke anapanga kope kwanza ndipo apange safari ya mazishi, lakini hapa ndivyo tulivyo. Jumamosi utasimama mbele ya ukoo mzima, na picha zitakaa ukutani miaka. Sharti langu ni moja: maziko yakiwa Jumamosi, kope ni Alhamisi. Ijumaa sikubali, labda uniahidi hutalia, na hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Gundi changa ikipata machozi inaharibika, na jicho linawasha.

Wanne leo. Mgongo unauma. Waithira, mwenye duka, amepita nyuma mara tatu kuangalia kama tunachafua sakafu. Yeye anauza vipodozi mbele, sisi ametupangisha chumba cha nyuma. Alitoka Nyeri kitambo na hajawahi kujifunza kutabasamu bure.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Wateja wawili tu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefungua mkebe, nikainua kile kibano changu kizuri kilichopinda kuelekea dirishani, na mwanga umepita kati ya ncha. Ncha zisipokutana, kibano si kitu tena, kinaangusha kope kila ukigusa. Jumanne jioni zilikuwa zinakutana, nina hakika, nilizipima.

Au sina hakika? Debra amesema labda nilikigonga kwenye sinki nikiwa nimechoka. Nimekaa saa nzima nikikiminya polepole na kusugua ncha kwa msasa mwembamba kabisa, mpaka kikashika unywele mmoja bila kuteleza. Nimejikasirikia siku nzima. Debra ameninunulia chapati, akasema niache kujitesa.

Jumatano, 26 Machi

Muhoroni. Jumatano ndiyo siku yangu ya mapumziko, na huwa nakuja kumsaidia mama kwenye kibanda chake. Ufunguo wa droo huja nao, nimeufunga kwenye pindo la leso nisije nikaupoteza njiani. Barabara ni matope matupu. Trekta ya miwa imelala mtaroni na watu wanajichotea miwa wakitazama huku na huku.

Mama amempa Debra karanga, fungu kubwa kuliko langu. "Huyo ni mtoto wangu pia," amesema. Nimebeba mafungu yote mawili.

Jumamosi, 29 Machi

Ugonjwa wa macho mekundu umeingia Kaloleni. Kwenye bomba la maji kila wa pili anafuta macho kwa leso. Leo Mama Griffins, jirani yetu wa mlango wa tatu, alikuja dukani kutaka kope. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na limevimba. Nimemwambia kwa heshima arudi akipona.

"Kwani mimi ni mchafu?" ameniuliza mbele ya watu.

"Hapana, mama. Ni ugonjwa. Nikikugusa wewe leo, kesho nitampa mwingine."

Ameondoka amenuna. Debra ameniambia ningemsaidia tu, kwamba mteja akifukuzwa harudi. Nimemjibu jicho si kucha, na tumemaliza mchana bila kuongea sana. Usiku ameimba akipika omena, kwa hiyo yameisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Chembe ya gundi kavu kwenye ncha ya kibano kile kile. Nyeusi, ndogo kama yai la chawa. Niliiacha vipi? Nimeikwangua na kukiweka pembeni kioshwe jioni na vingine, nikatumia jozi nyingine. Ninazeeka nikiwa na miaka thelathini na moja.

Waithira naye amenianza: "Wee Seline, jana umeacha taa yako ya kope ikiwaka mpaka jioni."

"Jana sikuwepo. Jana ilikuwa Jumatano."

"Taa haijiwashi."

"Na wewe Jumatano huwa kwa wauzaji wa jumla, umejuaje?"

"Nilirudi jioni nikaikuta."

Debra alikuwa ameinamia kucha za mteja, hakuinua kichwa. Waithira alipoondoka ndipo aliponinong'oneza: "Usimjali. Hao watu wa kwao wakitaka kukutoa, wanaanza hivyo hivyo. Anatafuta sababu." Nimekubali kwa kichwa. Duka zima hili la Waithira limejaa sababu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mteja wangu wa kwanza leo ni Sylvia, mwalimu, mteja wa miaka miwili. Mama yake amefariki, wanamzika Jumamosi huko Bondo. Kaka yake Opiyo ndiye aliyemleta, akaketi kwenye kiti cha Debra kusubiri, na wale wawili wakapiga soga kama watu waliofahamiana zamani.

Nimemtolea Sylvia jozi yangu nzuri kuliko zote. Nilimwambia afumbe macho, naye akaanza kusimulia.

"Mama alikuwa anapenda niking'ara," amesema. "Nikienda nyumbani bila kujipamba ananiuliza, 'Wewe unaumwa?' Sasa siwezi kwenda kumuaga nikikaa kama mgonjwa."

Nimembandikia nyepesi, za kiasi, zinazofaa msiba. Nimemwambia akitaka kulia avumilie mpaka kesho. Amecheka kidogo, kisha akanishika mkono akakaa hivyo. Nami nimekaa hivyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa. Nadhani saa hii wanazika.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi Opiyo ameingia na Sylvia amemshika mkono, amevaa miwani nyeusi. Duka lilikuwa na watu. Opiyo hakusalimia. Alimvua dada yake miwani taratibu, akasema, "Angalieni."

Macho yalikuwa yamevimba, yamefunga, mekundu yenye usaha kwenye kona. Kope zangu hazikuwepo, daktari alikuwa amezitoa zote, na za kwake nyingi zimeondoka nazo.

Yalianza kuwasha Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi hayakufunguka. Walimwosha kwa maji ya chumvi, wakamwekea majani ya chai, wapi. Na kwetu kabla ya kufunga jeneza watu wanapita kwa mstari, mmoja mmoja, kumtazama marehemu mara ya mwisho. Watoto ndio wa mwisho kupita. Sylvia alipitishwa akiwa ameshikwa mabega. Alisimama mbele ya mama yake, akajaribu kufungua macho kwa vidole vyake mwenyewe, na hakuona kitu. Akaomba wasubiri. Walisubiri. Mvua ikazidi, mchungaji akasema wakati umekwisha, wakafunga.

"Sijamuona," Sylvia amesema. Hakupaza sauti. "Seline, sijamuona mama yangu."

Nilitaka kusema vibano vilikuwa safi, nimeviosha Jumanne jioni kwa mikono hii. Nimesema hivyo. Opiyo akaniuliza kama huo uchafu uliruka dirishani. Nimemwangalia Debra anisaidie, yeye anayenicheka kila jioni kwa kuosha kwangu. Debra amesema polepole, "Seline huwa anasafisha vizuri. Labda siku hiyo alikuwa amechoka."

Alisema kwa upole, kama anayenitetea. Wateja wawili walichukua mikoba yao wakaondoka.

Waithira ameniita mbele. "Utapumzika kwanza," amesema. "Kiti chako kitakaa hapo, sitampa mtu. Lakini mpaka nijue nini ilifanyika, hutagusa jicho ya mtu kwa duka yangu." Nimemchukia kwa moyo wangu wote. Nimechukua mkebe wangu nikaja nyumbani kwa miguu kwenye mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekaa dirishani na kioo cha kukuzia. Jozi ile ya Sylvia nilikuwa nimeiosha Alhamisi jioni, lakini asetoni na mswaki havikuifikia gundi iliyokauka kwenye kikunjo cha ndani cha kibano kilichopinda, na Alhamisi sikuikagua vizuri kwa sababu nilikuwa namfikiria Sylvia.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Gundi yangu ikiganda, huganda upande mmoja, na ni huo huo kila mara, kwa miaka sita. Hii imeganda upande wa pili. Nimekigeuza mara nyingi, nimekishika kwa mkono wa kulia nikajaribu, na gundi imeangukia pale pale ilipo.

Kuna mtu anatumia vibano vyangu. Mtu wa mkono wa kulia, kati ya Jumanne jioni na Alhamisi asubuhi.

Debra aliporudi nimemwonyesha. Amekitazama muda mrefu. "Droo ina ufunguo ngapi?" ameuliza.

"Miwili. Wangu na wa Waithira."

"Basi," amesema, akaenda kuinjika ugali.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Picha ya macho ya Sylvia imeingia kwenye mtandao, kwenye kundi moja kubwa la wanawake wa mjini, na jina langu chini yake. Wameandika mahali ninapofanyia kazi. Wameandika kwamba nilimfungia mtu macho asimuage mama yake. Mmoja ninayemfahamu, niliyembandikia kope za harusi yake, ameandika kwamba hata kwake aliwahi kuhisi kuwashwa. Mwongo huyo. Alirudi mara tano.

Sijaenda kanisani. Debra amebaki nami, amenipikia samaki, amechukua simu yangu akaificha nisizidi kusoma. Amesema Waithira lazima alipe kwa hili. Sijui ningekuwa wapi bila huyu msichana.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeenda kwa Waithira. Nilikuwa nimejipanga tangu alfajiri, na nilimwambia yote mbele ya wateja wake, kama nilivyoambiwa mimi mbele ya wateja wangu. Kwamba yeye ndiye mwenye ufunguo wa pili. Kwamba Jumatano nisipokuwepo anawaleta wateja wake kwa mlango wa nyuma, anawafanyia kwa vitu vyangu, halafu ananiachia lawama. Nilisema na maneno mengine kuhusu watu wa kwao ambayo sitayaandika.

Waithira alikuwa anapanga mafuta ya nywele kwenye rafu. Alimaliza safu.

"Mimi?" ameuliza. "Mimi nibandike mtu kope? Na hii macho yangu, hata sindano siwezi kutunga?" Ni kweli. Anavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, kusoma tarehe kwenye chupa.

"Na ufunguo?"

"Ufunguo gani, Seline? Ile yangu si unayo?"

Nimemwambia mimi nina wangu tu.

"Debra alikuja mwezi wa pili," amesema. "Akaniambia umepoteza yako, unaona haya kuniambia, nimpe yangu akupelekee. Nikampa. Hata nikamwambia akuambie usiwe na wasiwasi, kufuli ni kitu ndogo."

Nimetazama meza ya pili. Haikuwa na mtu. Debra ameaga jana, amesema anakwenda Bondo kumpa Sylvia pole kwa niaba yetu sote, kwamba mimi nikienda watanipiga.

"Huyu ni mtu wako," Waithira amesema, akiwa mpole kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Muulize wewe mwenyewe kwanza. Mimi sitaki kusema kitu sijaona."

Nimemwomba radhi vibaya, maneno yakigongana. Ameniambia niketi, nikaketi, akaniletea soda.

Jumatano, 23 Aprili

Usiku nilimtafutia Debra kila sababu. Labda alisahau kunipa ufunguo. Labda uko mahali kwenye vitu vyake. Nimepekua vitu vyake na nimeukuta kwenye pochi ya ndani, umefungwa pamoja na karatasi za kope na chupa ya gundi ambayo si yangu. Hata hapo nilisema labda.

Asubuhi kwenye bomba nimekutana na Mama Griffins. Macho yamepona. Na juu ya hayo macho, kope zilizobanduka nusu, zilizobandikwa kwa haraka, ncha zimepishana. Mkono huo naujua. Nimeufundisha mimi.

"Mama, kope nzuri," nimesema. "Nani alikufanyia?"

Ameniangalia kwa ushindi. "Kwani wewe tu ndiyo unajua? Debra alinifanyia. Huko huko kwenu, Jumatano, wewe ukiwa kwa mamako. Yeye hana maringo kama wewe."

"Jumatano ipi?"

"Hiyo tarehe tisa. Jicho lilikuwa bado inauma lakini alinifanyia pole pole."

Tarehe tisa. Tarehe kumi Sylvia alikuwa amelala kwenye kitanda changu cha kazi amefumba macho.

Mtungi nimeuacha bombani. Nimerudi nyumbani nikaketi kitandani kwake, nikatazama khanga zake, mafuta yake, kikombe chake. Amekula karanga za mama yangu. Ameficha simu yangu nisisome matusi yaliyokuwa yake. Wiki nzima alinitazama nikimlaumu mtu mwingine, na ni yeye aliyenionyesha huyo mtu kwa kidole. Hayo ndiyo yanayoniua, si vibano. Vibano ningenunua vingine.

Alhamisi, 24 Aprili

Simu inaita, haipokei.

Jumapili, 27 Aprili

Mama amepiga kuuliza hali ya Debra. Nimesema hajambo.

Jumamosi, 3 Mei

Nimetoka Bondo sasa hivi. Naandika kabla sijalala, maana kesho nitaanza kujidanganya kwamba sikusikia sawasawa.

Nilikwenda kwa sababu moja. Sikutaka fidia wala kisasi. Nilitaka Sylvia aseme, pale pale jina langu lilipoandikwa, kwamba haikuwa mimi. Bila hilo sina kazi Kisumu. Nani atalala mbele yangu afumbe macho?

Boma lao liko mbali na barabara. Kaburi bado bichi, limewekewa maua ya plastiki. Sylvia alinipokea barazani. Macho yake yamefunguka, ila kope hazijaota, na anapokutazama unaona amekuwa mtu mwingine. Alinikaribisha kiti kwa adabu. Nikajikaza nikaanza.

"Sylvia, nimekuja kukuambia ukweli kuhusu macho yako."

"Najua," amesema.

"Hapana, hujui. Si mimi niliyeacha uchafu. Kuna mtu..."

"Debra. Alichukua vitu yako akafanyia mama mwenye macho mekundu, akarudisha hivyo hivyo. Aliniambia siku ya kwanza alipofika hapa. Alilia hapo umekaa. Nimemsamehe."

Kwanza nilifurahi. Nakiri hilo, nilifurahi kama mjinga. Nilidhani safari yangu imekwisha vizuri.

"Basi umshauri aseme," nimemwambia. "Au uandike wewe, maneno mawili tu. Picha bado iko pale. Jina ni langu."

Sylvia amefuta kiti kwa kiganja ingawa kilikuwa safi. "Opiyo anamuoa Debra," amesema. "Mambo imeanza kitambo, mwezi wa sita wanapeleka ayie kwa mama yake." Ayie ndiyo ile siku ya wakwe kwenda kwa mama wa msichana na zawadi ya kwanza. Miaka mingapi tumeongea na Debra kuhusu ayie yake, nani atavaa nini!

"Hongera," nimesema. "Inahusu nini na mimi?"

"Fikiria, Seline. Nikisema ni yeye, atapikia nani kwa hii boma? Kila matanga wamama watamuonyesha kidole, ndiye huyo, ndiye alifanya Sylvia asione mama yake. Watoto wake wataambiwa. Watu hapa walikuwa wanataka mtu wa kulaumu, lazima angekuwa mtu. Afadhali mtu hatutakaa naye."

Aliyasema bila chuki. Alikuwa ameyapima kabisa, kama mwalimu anavyopima maksi. Nilimuuliza kama anaona ni haki. Alisema haki haitamrudishia uso wa mama yake. Ndipo Debra akatoka jikoni na chupa ya chai na vikombe, amejifunga leso ya wenye nyumba, na alinimiminia mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye mgeni.

Sikunywa. Nilipoinuka, Sylvia akamwambia Debra anisindikize mpaka barabarani. Mgeni haachwi aende peke yake, hata mgeni wa namna yangu.

Tulitembea kwenye matope. Karibu na barabara nimemuuliza lile lililokuwa linanizunguka kichwani.

"Kwa nini hukuviosha?"

"Nilikuwa na haraka. Waithira alikuwa anakaribia kurudi." Kisha akasema, kana kwamba ananikumbusha jambo la kawaida, "Na si wewe huwa unaosha?"

"Jioni, Debra. Naosha jioni. Asubuhi nafungua tu. Umeniona miaka miwili."

"Nilidhani utaosha tena. Wewe na kuosha." Machozi yalimtoka, na nadhani ni ya kweli, Debra hulia upesi. "Nyaminwa, ningesema, ningepoteza Opiyo. Wewe una kazi. Wewe una mkono. Utaanza tena tu. Mimi nina nini?"

Dada yangu, ameniita. Kwa hiyo hivyo ndivyo alivyopiga hesabu yake: mimi nitasimama tena, basi acha nianguke mimi. Nilimwambia vitu vyake nitavikabidhi kwa Waithira, nikapanda gari. Nyuma yangu aliendelea kunipungia mkono mpaka gari likaondoka.

Nimelia njia nzima. Mwanamke wa kando yangu alidhani nimetoka kuzika, akanipa pole.

Jumanne, 6 Mei

Waithira amenirudisha kwenye kiti. Hakuna hotuba. Amebadilisha kufuli, ameniwekea ufunguo mkononi na kusema hakuna wa pili. Anayeuliza dukani kuhusu macho ya Sylvia anajibiwa na Waithira mwenyewe, kwa sauti ya kumfanya mtu ajute. Lakini huko nje hawezi kufika, na picha bado ipo.

Mteja hata mmoja.

Sasa naosha jioni, na asubuhi naosha tena. Inaniudhi kila asubuhi.

Alhamisi, 15 Mei

Wawili. Mmoja aliuliza kama mimi ni yule. Nimesema ni mimi. Alifikiri kidogo, akalala.

Jumatano, 21 Mei

Muhoroni. Nimemwambia mama hatimaye. Ameendelea kuchambua mboga kwa muda, kisha akaniuliza, "Na karanga alikula?" Nimesema alikula. Mama alilia kwa hilo.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua zimepungua, jua limechoma leo mpaka vumbi limerudi. Nilikuwa nimeanika kitambaa changu nje simu ilipolia. Ujumbe wa Debra, wa kwanza tangu Bondo. Naunakili ulivyo.

"Seline nyaminwa, natumaini uko salama. Ayie ni tarehe 14. Najua hutakuja na sikulaumu. Kuna msichana hapa Bondo atanifanyia kope lakini vibano vyake ni mbovu, inaangusha. Naomba uniazime hiyo yako ya kupinda, ile nzuri. Nitatuma mtu aichukue. Safari hii nitaosha, haki ya Mungu."

Nimecheka kwanza. Nimecheka mpaka mteja akafumbua macho. Kisha nimempelekea Waithira simu. Ameisoma kwa miwani yake miwili, polepole, akarudia mwanzo.

"Huyu hana haya?" nimemuuliza.

"Haya atoe wapi?" Waithira amesema. "Anaomba kwa sababu anajua wewe ni mtu wa kupeana."

Nilitaka kubisha. Nimerudi kwenye kiti, nimekamata kibano, kisha nimekirudisha kwenye mkebe na kumwomba mteja anisubiri kidogo. Kwa sababu ni kweli. Angeniomba mwezi wa tatu, ningempa vibano bila kuuliza anamfanyia nani, na jioni ningemwoshea mimi mwenyewe.